Gereji ya breki Korogwe: dramu zilifunguliwa kwanza, bei ikatajwa baadae

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa wenye pikapu za mzigo, hasa Hilux Vigo, na hasa nyie mnaopanda na kushuka Lushoto kila wiki. Kama breki za nyuma zinasaga na umeshaambiwa "badilisha shuu tu bosi, itatulia", soma hapa kabla hujatoa hela. Naieleza gereji moja ndogo ya Korogwe, uwanja wa mabati tu hauna hata bango, waliofanya breki zangu za nyuma vile inavyotakiwa kufanywa. Nawapa sifa zao zote na pale walipopungua nitasema pia.

Gari ni Vigo singo kebin ya 2011, 4x4, injini 2KD, nyuma ina dramu kama Vigo wenzake (ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi, ukikanyaga breki shuu zinaibana kutoka ndani). Kazi yake ni mboga: karoti, kabichi na viazi kutoka Lukozi, unateremka Lushoto, Soni, mpaka Mombo. Anayeijua ile njia haitaji kuelezwa. Lushoto mpaka Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu, mlima upande huu bonde upande ule, unashuka karibu mita 1,000 na bodi imejaa. Na kabla hujaifikia lami una ule udongo mwekundu wa huko juu ambao mvua ikinyesha tope linaingia mpaka sehemu ambazo huwezi kuziona. Kwa njia hiyo breki za kubahatisha hapana, una watu mbele, una wanafunzi pembeni ya barabara, una mabasi yanapanda.

Sauti ilianza kidogo kidogo, ukikanyaga breki taratibu unasikia mkwaruzo wa mchanga nyuma, ukiachia inakata. Afu ikawa chuma kwa chuma kabisa, unaisikia mpaka miguuni. Gereji ya kwanza niliyoenda (siitaji, na sio ya Korogwe) walivua dramu, wakakuta shuu zimeisha, wakafunga mpya, wakafunika, hela wakapokea. Hawakupima dramu, hawakujiuliza kwa nini upande mmoja umeliwa tofauti na mwenzake, hawakugusa springi wala adjasta, ile skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu. Sauti ikapotea kwa muda mfupi ikarudi mbaya kuliko mwanzo, na safari hii ukikanyaga kwa nguvu gari linataka kuvuta kushoto. Nikirudi kwao jibu ni "shuu mpya zinazoea". Jamani shuu mpya inaweza ikatoa sauti kidogo mwanzoni lakini haisagi chuma, na haivuti gari upande mmoja.

Sasa Korogwe. Fundi mkuu pale ni mzee wa makamo, ana vijana wake wanaojifunza. Nilivyofika nikamwambia nataka shuu nzuri za nyuma, akanijibu, "Kaka, usininunulie kitu kwanza, ngoja tuisikilize." Akaanza na maswali. Inasaga ukikanyaga tu au hata usipokanyaga? Ukikata kona sauti inabadilika? Ukivuta handbreki je? Oili ya breki kwenye kikopo imeshuka? Tangu lini, kabla ya mvua au baada?

Afu akaendesha mwenyewe mimi nikiwa pembeni, uwanja tambarare, vioo vimeshushwa, anapita karibu na ukuta ili sauti irudi. Mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kwanza bila breki. Halafu breki ya mguu. Halafu akawa anavuta handbreki polepole huku kidole gumba kimebonyeza kitufe ili aweze kuiachia muda wowote, na hapo ndo ikasaga wazi. Handbreki ya Vigo inashika matairi ya nyuma peke yake, kwa hiyo ikisaga kwa handbreki unajua tatizo liko nyuma, hamna haja ya kuanza kufungua diski za mbele na kulipia kazi isiyohusika. Hiki kipimo hata wewe unaweza kukifanya nyumbani, ila iwe sehemu ya wazi, tambarare, hamna watu wala watoto, na mwendo mdogo sana.

Kingine alichonielewesha ni kutofautisha na beringi. Beringi ikichoka inavuma, mvumo unapanda kadri spidi inavyopanda, unaweza kubadilika ukikata kona, na mara nyingi haijali kama umekanyaga breki au hujakanyaga. Kajiwe kakiingia kati ya dramu na lile bamba la nyuma kanakwaruza kwa mzunguko, krr, krr, krr, kwenda sawa na tairi, hata usipokanyaga. Shuu iliyoisha inasaga pale unapokanyaga. Na ikiwa inasaga muda wote huku rimu inachemka, kuna kitu kimeganda, inaweza ikawa kebo ya handbreki au pistoni ya wili silinda (ndo inayosukuma shuu) haitaki kurudi.

Baada ya mzunguko ule akasogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za nyuma, hajazigusa. Kushoto joto kali, kulia ya kawaida tu. Akasema kulia haifanyi kazi, kushoto ndo inabeba yote, ndo maana inavuta. Hapo hata nati moja haijafunguliwa. Mimi hapo ndo nikajua nimefika kwa mtu.

Ufunguaji wenyewe. Magogo mbele ya matairi ya mbele na nyuma yake, handbreki imeachiwa, jeki, halafu stendi mbili chini ya eksili, hakuna mtu anayeingiza mkono gari likiwa juu ya jeki peke yake. Dramu ya kulia ikagoma kutoka. Gereji ya kwanza walikuwa wameipiga nyundo mpaka mdomo wake una alama. Huyu mzee akachukua bolti mbili za M8, zile za spana namba 12, akazikaza kwenye yale matundu mawili yenye nyuzi yaliyopo usoni mwa dramu, huku kidogo na huku kidogo, dramu ikasukumwa yenyewe mpaka ikaachia. Yale matundu Toyota waliyaweka kwa kazi hiyo na mafundi wengi wanayaona kila siku wanayaruka. Ya kushoto bolti peke yake hazikutosha kwa sababu ilikuwa na ukingo ndani, shuu zimechimba zikaacha mdomo, ikabidi kijana aingize bisibisi kwenye tundu la bamba la nyuma, alegeze adjasta ili shuu zirudi ndani, ndo ikatoka.

Vumbi la ndani hawakulipuliza kwa kompresa. Walimwagia maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, wakapitisha brashi, chini kuna beseni. Nawasifu sana kwa hili. Laining, yaani ile sehemu ya kusugua inayobandikwa kwenye shuu, za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho kilichomo kwenye laining ya boksi lisilo na jina, na vijana wanaoinama pale kila siku ndo wanaovuta vile vitu kifuani. Kama gereji yako wanapuliza, waambie.

Kulia sasa. Laining ya shuu moja ilikuwa imebanduka kipande kizima kwenye chuma chake, kile kipande kimesagwa humo humo ndani, chuma cha shuu kinakwangua dramu. Na kila kitu kimelowa weusi unaong'aa. Fundi akachovya kidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Harufu kali ya salfa, oili ya difu hiyo, ya gia za eksili ya nyuma. Oili ya breki ni nyepesi zaidi, haina ile harufu, na ikigusa rangi ya gari inaibabua. Akainua kidogo kingo za raba za wili silinda kuona kama kuna unyevu ndani, pakavu. Kwa hiyo breki yenyewe haivuji, kinachovuja ni sili ya eksili, ile raba ya kuzuia oili isitoke, oili inapita inaingia kwenye dramu, inalowesha laining, laining inateleza haishiki, na gundi nayo inalegea mpaka inabanduka. Unaweza kufunga shuu za bei yoyote pale zikaishia hivyo hivyo.

Wengine wangesimama hapo, sili mpya, kwisha. Mzee akasema sili haifi bure, akaingia chini kutafuta briza ya difu, yale matundu ya kupumulia yaliyo juu ya eksili. Ilikuwa imeziba tope lililokauka, kale kakifuniko hakazunguki hata ukikalazimisha. Eksili ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili ipite kwenye sili. Akanionyesha kwa vidole jinsi kifuniko kinavyotakiwa kucheza, akakiosha kwa dizeli mpaka kikacheza. Kazi ya dakika chache, haina spea hata moja, na ndo mama wa tatizo lote la upande wa kulia. Nyie mnaovuka mito na matope, briza iangaliwe kila mnapobadilisha oili ya difu.

Kushoto ilikuwa habari nyingine kabisa. Hamna oili, ila mchanga mwekundu umejaa. Kile kizibo cha mpira cha tundu la kurekebishia breki, nyuma ya bamba, hakikuwepo. Sijui kilidondoka lini. Tundu lenyewe dogo sana, ila tairi linarusha tope moja kwa moja pale. Mchanga umechora mistari kwenye dramu ukiipitishia kucha inakwama. Akatoa kizibo kwenye kopo lake la vitu vya zamani, akakipachika, hajanilipisha.

Dramu alizipima kwa kipimo. Kwa Vigo yangu ya 4x4 dramu mpya ni milimita 295 kwa ndani na mwisho wake ni 297, ikipita hapo ni ya kutupa (zile Vigo za chini za 4x2 zina dramu ndogo, usichanganye namba). Zote mbili zilikuwa bado ndani ya kipimo ila zina mistari na ukingo, kwa hiyo zikaenda kukerezwa Tanga, maana Korogwe hawana mashine yao. Zilivyorudi akazipima tena mbele yangu, zimebaki chini ya 297, akaniambia hizi zimeshakerezwa mara ya mwisho, wakati mwingine nijiandae kununua. Hakunificha wala hakunitisha ninunue mpya siku hiyo. Kwa shuu alisema hivi, laining ikibaki milimita 1 ni ya kubadilisha, lakini kwa mteremko wetu yeye haisubirishi mpaka ifike hapo.

Kubadilisha sili ya eksili ni kazi, naomba mtu asikudanganye kwamba ni ya nusu saa. Bomba la oili ya breki linafunguliwa, kebo ya handbreki inatolewa, nati nne za nyuma ya bamba zinafunguliwa, eksili inachomolewa nzima na bamba lake, ndo unaifikia sili ndani ya haozingi. Alizungusha beringi kwa mkono kasikiliza, ikawa nzima, akaiacha. Hapo angeweza kuniuzia beringi nisijue.

Kufunga: springi mpya zote na pini zake, akaniambia springi iliyoungua inalegea na shuu inabaki inagusa dramu hata ukiachia pedali. Pale shuu zinapotelezea kwenye bamba la nyuma akapaka grisi ya kuhimili joto, kidogo sana, ikizidi inarukia laining. Adjasta akazisafisha nyuzi, na hapa akamkemea kijana wake aliyetaka kuzichanganya, kwa sababu ya kulia na ya kushoto nyuzi zake zinapishana, ukiweka ya huku kule badala ya kukaza inalegeza. Halafu wakatoa upepo kwenye breki za nyuma na kwenye ile valvu inayosoma uzito wa mzigo, kwa oili ya DOT 3 ya kopo lililofunguliwa mbele yangu. Hii ya kopo jipya wengi mnaipuuza. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya kabisa haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, ila ikishashiba maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi joto 140, na ikichemka unakanyaga pedali inazama, hamna kitu. Kwa mtu anayeteremka Soni na mzigo hiyo ni habari ya kufa na kupona.

Na hiyo valvu ya mzigo ilikuwa na jambo lake. Wengi wetu tumeongeza majani ya springi nyuma ili gari libebe. Bodi ikiinuka, kale kafimbo kanakounganisha eksili na valvu kanaiambia gari halina mzigo, basi valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma wakati wewe umebeba tani ya kabichi. Breki za mbele zinabeba yote na zinachemka. Mzee aliliona hilo bila kuulizwa, akarekebisha urefu wa kafimbo. Kama umeongeza springi na hujawahi kuambiwa habari hii, muulize fundi wako wiki hii hii.

Upande wa spea. Nilifunga shuu za Toyota jenuini, zilinunuliwa Gerezani Dar zikaja kwa basi pamoja na sili. Bei yake iko juu ukilinganisha na zile za boksi jeupe ambazo gereji ya kwanza walinifungia, lakini ukiziweka mezani pamoja unaona. Ya bei rahisi laining yake nyembamba, gundi imevuja kingoni, na ukiiweka ndani ya dramu inagusa ncha mbili tu katikati kuna mwanga. Ya jenuini ikakaa vizuri. Kuna kampuni nyingine nzuri ambazo sio jenuini na mafundi wanaziamini, sina ugomvi nazo. Tatizo ni feki zinazovaa boksi la Toyota, kwa hiyo nunua kwa mtu anayekubali umrudishie, na fungua boksi dukani, linganisha na shuu ya zamani kabla hujatoa hela. Kuhusu kubandika laining mpya kwenye chuma cha zamani, mzee hakatai, ila sio kwa chuma kilichokwisha kukwangua dramu kama changu, na kwa mteremko ule mimi siwezi kuilaza familia yangu na wasiwasi kwa ajili ya tofauti ile ya bei. Sili yenyewe haikufika hata robo ya bei ya shuu.

Sasa mapungufu, maana nimeahidi. Muda. Kukereza Tanga na kusubiri basi la Dar kulinilaza gari, na mboga haisubiri, nikakodi gari la mtu. Stoo ya spea hawana kabisa. Risiti mpaka uombe, na ukiiomba unaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, kwa mtu wa kampuni hiyo ni shida. Pa kukaa ni benchi moja chini ya mwembe. Na bei ya ufundi wao iko juu kidogo ya gereji za jirani, ila ukijumlisha hela niliyolipa kule kwa kwanza na shuu zilizolowa oili zikatupwa, hawa ndo rahisi. Spea za zamani zote nilirudishiwa kwenye kiroba bila kuomba.

Aliniambia nishuke taratibu safari za mwanzo, breki fupi fupi na gia ndogo, nisizichemshe shuu mpya, halafu nirudi azirekebishe tena. Nilirudi, akalegeza na kukaza adjasta, akaangalia chini ya eksili na kwenye ukuta wa ndani wa tairi, hakuna oili, hakulipisha. Sasa hivi tumeshapita masika nzima, gari linasimama limenyooka, handbreki inashika kwenye mlima wa Lushoto mjini ukiwa umejaza, na sauti hamna.

Ukienda na Vigo au Prado ya zamani, mpigie kabla umwambie dalili zote, na kama unahisi ni sili beba sili zako mbili na springi za breki mkononi, utaokoa kulala. Jumatatu kuna foleni ya malori ya mkonge, Ijumaa mchana wanafunga kwa ajili ya sala. Jumatano asubuhi ndo nzuri.